Taa Niliyoificha Nyuma ya Saa ya Shemeji

Nilifanya kwa kusudi. Nasema hivyo mapema kwa sababu nyumbani bado wapo wanaonitetea, wanasema labda waya zilichanganyika. Hazikuchanganyika. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa mtaa wa Rhonda, na kazi yangu naijua.

Niliyemkosea ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Anaishi mtaa wa Section 58 na ana vani ya kupiga kambi, ile ya kitanda na jiko ndani, ambayo huwakodishia watalii wanaoenda maziwa ya Bogoria na Elmenteita. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo nilipotaka kuoa, shemeji ndiye aliyekuwa msemaji wetu tulipoenda Molo kubisha hodi kwa kina Njeri. Njeri si jina lake la kweli.

Kila mtu anajua msemaji huchekesha wakwe kidogo ili mioyo ilainike. Basi huyu wetu akaona kichekesho ni mimi. Baba ya Njeri alipouliza kijana hufanya kazi gani, shemeji akasimama na kurekebisha koti.

"Huyu wetu ni fundi wa stima ya gari. Akikufungia redio, wewe skiza muziki tu, usiangalie nyuma. Huko nyuma ni kama kiota ya kunguru."

Watu walicheka wakashika mbavu. Hata Njeri alicheka, akaziba mdomo kwa leso. Baba yake hakucheka. Aliitazama mikono yangu, kisha akasema familia itaketi na kutupa jibu.

Jibu halikuja. Njeri aliniambia baba yake anauliza kama kweli kazi yangu ni ya kubahatisha. Jamani, nilimchukia shemeji! Nilikuwa nikikaza skrubu naona uso wake. Nikila, naona uso wake. Dada akinipigia simu nilimjibu kwa mkato, maskini, na yeye hakujua kosa lake.

Sasa siku moja shemeji akaja gereji na hiyo vani. Saa ya kwenye dashibodi ilikuwa imekufa na watalii walilalamika, kwa hiyo alikuwa amenunua nyingine ya madukani, yenye tarakimu za kijani.

"Niaje shemeji. Nifungie hii kitu. Lakini si kiota ya kunguru, eh?" Akacheka peke yake, akaenda kutafuta chai.

Kicheko hicho cha pili ndicho kilichonimaliza.

Saa kama ile ina waya mmoja unaokuwa na moto wa betri wakati wote, ili isisahau majira gari likizimwa. Niliufunga vizuri. Halafu kwenye waya huohuo nikaunga balbu ndogo, nikaining'iniza ndani kabisa ya dashibodi mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Nilijua betri yake imechoka. Vani ikilala siku chache bila kuwashwa, balbu ingeinyonya betri yote.

Nilikuwa nimepanga kila kitu kichwani. Amewapeleka watalii Bogoria, wamekaa wakaridhika, siku ya kurudi anazungusha ufunguo na gari liko kimya. Wageni wanamkodolea macho. Ananipigia simu, "Shemeji, nisaidie," nami naitazama ikiita mpaka inyamaze. Nilifunga kazi hiyo nikipiga mluzi.

Alipokuja kuchukua gari aliinama akaikagua saa. "Eh, hii umeiweka poa," akasema. Nikamwambia karibu tena. Wala sikuona haya.

Watalii waliahirisha safari. Vani ikakaa tu uani kwake, na mimi sikujua. Jumamosi asubuhi dada akanipigia simu.

"Vaa suti ukuje haraka. Tunaenda Molo."

Kumbe shemeji alikuwa akienda kwa baba ya Njeri peke yake kuomba radhi kwa ule utani. Hakutaka kuniambia kabla hajafaulu. Sasa mzee alikuwa amekubali kutupokea tena.

Nilipofika Section 58 wazee wetu walikuwa wameshaketi ndani ya vani. Shemeji akazungusha ufunguo. Tik. Akarudia. Tik. Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: nilipoona jasho kwenye paji lake, nilifurahi kwanza. Ndipo nikakumbuka safari ilikuwa ya nani.

Jirani alitusaidia kwa betri ya gari lake, injini ikanguruma. Saa ilikuwa imepoteza majira betri ilipokufa, nikairekebisha kwa kidole changu mwenyewe, balbu ikiwa nyuma yake. Ningewezaje kufungua dashibodi mbele ya wote? Nilijiambia nitaitoa tukirudi.

Molo tulipokewa kwa nyimbo. Tulipoketi, shemeji akasimama, safari hii bila mzaha.

"Mzee, mara ya kwanza nilidanganya nikitafuta kicheko. Nilisema kazi ya huyu kijana usiangalie nyuma. Leo nataka muangalie."

"Shemeji, wacha tu," nikamwambia. "Tukule kwanza."

"Hapana. Nilikuvua nguo mbele ya hawa watu. Nitakuvalisha mbele yao."

Akawaongoza wote hadi kwenye vani, Njeri na mama yake wakiwemo. Akaingiza vidole, akaivuta saa. Ikatoka. Waya zilikuwa zimelala sambamba, safi, hata mzee mmoja akasema, "Ala!" Shemeji akavuta zaidi ili waone vizuri, na balbu ikafuata, ikaning'inia pale mbele yao. Ilikuwa inawaka.

Baba ya Njeri aliinama karibu. "Na hii taa inamulikia nani huko ndani?"

Shemeji aliitazama balbu, akautazama ufunguo mkononi mwake, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe asubuhi ilikuwa wewe," akasema polepole.

Ningeweza kudanganya. Nikasema ndiyo, niliiweka mimi, kwa sababu ya kile kicheko.

Chakula kilibaki kwenye sufuria. Njeri ndiye aliyenisindikiza hadi getini. "Yeye alikuchekelea tu," aliniambia. "Mimi nikikukosea kwa nyumba, utaniwekea nini?" Tangu siku ile hapokei simu zangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia na suti.

Kuna wakati hasira inanirudia, naona angeniambia mapema kwamba ameomba radhi. Lakini najua hata hilo ni kutafuta pa kumtupia mzigo.

Shemeji hajanitangaza popote. Aliitoa ile saa, na dashibodi imebaki na tundu. Nimemwomba nilizibe, amekataa. Juzi alinipa lifti hadi Lanet, nikakaa mbele, tundu likinitazama. Akaniuliza ni saa ngapi. Nikatoa simu nikamwambia.

"Asante, fundi," akasema. Zamani aliniita shemeji.

Wewe uliyeudhiwa na unapanga, mwendee mtu wako umwambie usoni, hata kama mtagombana mpaka majirani watoke nje. Mimi nilikuwa na mdomo, nikatumia balbu.