Mzee Skafu Alivyopanda Ndege

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya turubai lililopigwa jua bado inanipandisha hasira, na mwenye kosa ni mzee mmoja wa kwenye televisheni. Ndiyo ilikuwa harufu ya kibanda cha video cha Anko Kizito, pale mtaani kwetu Hai Jalaba, ambako kila Jumapili mchana, baada ya kanisa, akina mama wa sokoni walijibana kwenye mabenchi na watoto wao. Jenereta ilinguruma nje, filamu ilisema Kiingereza chake, na Anko Kizito, Mganda mwenye kifua cha mhubiri, alishika kipaza sauti akatutafsiria yote, akitia chumvi apendavyo.

Mwaka mmoja alituletea tamthilia ya upelelezi yenye sehemu kumi na mbili. Muuaji tulimjua tangu ya pili: tajiri mmoja mpole, mwenye skafu ya kijivu, aliyemuua dereva wa lori kisha akaenda mazikoni kulia kuliko mjane. Tukamwita Mzee Skafu. Lo, tulivyomchukia! "Huyu mzee iko najifanya malaika," Anko alisema, na kibanda kizima kikamtukana.

Mama yangu hakutukana. Baba naye alikuwa dereva wa lori. Majambazi walimuua njiani akileta ndizi kutoka mpakani, na hakuna aliyekamatwa. Mama alikwisha kuchoka kwenda kuulizia polisi. Lakini kibandani hakukosa hata Jumapili moja. Alikaa mbele kabisa, mikono ndani ya kitenge, akisubiri Mzee Skafu afungwe pingu.

Sehemu ya mwisho ikafika. Hebu niambieni, mtu ana akili gani ya kututia chuki Jumapili kumi na moja, halafu ya kumi na mbili anampandisha muuaji ndege? Maana ndivyo walivyofanya. Mzee Skafu alifunga mkanda, akaletewa juisi, akatabasamu. Huku chini mpelelezi akatazama juu, akasema kwa Kiingereza kwamba ushahidi hautoshi. Basi. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Waliotunga upuuzi ule sijawasamehe mpaka leo.

Anko Kizito akamtazama mama. Kisha akanguruma: "Hiyo ndege iko na polisi ndani! Akishuka tu, jela maisha! Khalas!"

Vigelegele vikajaa kibandani. Mama akatoa mikono kwenye kitenge, akapiga makofi taratibu, machozi yakimtoka. Nami, miaka kumi, wa kwanza darasani kwa Kiingereza, nikasimama juu ya benchi.

"Anko anadanganya! Wamesema hakuna ushahidi! Ameenda zake!"

Makofi yakakatika. Mama akanishika mkono, tukatoka. Njia nzima nilingoja kusifiwa. Tulipokaribia nyumbani akauliza, "Kwa hiyo ameenda tu?"

"Ndiyo, mama. Ameenda."

"Hata huyo," akasema. Hakurudi tena kibandani.

Nami nikadhani amemkasirikia Anko kwa uongo wake! Ninavyojiudhi nikikumbuka. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipoelewa kwamba Anko alikuwa amemfungia mama kesi yake, kwa namna pekee aliyoiweza, na mimi ndiye niliyeifungua nikamwachia muuaji.

Mwezi uliopita niliipata tamthilia ile kwenye simu, nikaitazama na mama nyumbani kwangu, mtaa wa Atlabara. Kiingereza bado hakijui. Tuligombana na Mzee Skafu upya, sehemu zote, hadi akafunga ule mkanda wake na mpelelezi akatazama juu.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Nilikohoa kwanza. "Anasema ndege iko na polisi ndani. Akishuka tu, jela maisha."

Mama akanywa chai yake, hakunitazama.

"Sasa ndiyo umejua Kiingereza," akasema.