Amina Chini ya Picha

Picha ilitoka Louisville, kwa baba mdogo, ndiye anayeongoza kikundi chetu cha maombi kwenye simu. Ilikuwa mchoro wa mtu mwenye pua kubwa iliyopinda, vidole vimeikamata dunia, na maneno ya Kiswahili kwamba Wayahudi ndio wanaoleta vita na njaa. Juu kabisa, mstari wa Biblia. Kwetu, ujumbe wenye mstari wa Biblia ukitoka kwa mkubwa hausomwi, unajibiwa. Amina, Amina, Amina, kutoka Columbus mpaka hapa Buffalo, kote tulikotawanyika kama wakimbizi. Mama yangu naye aliandika Amina.

Nilikuwa kazini, mtaa wa Riverside, nikimkausha nywele bibi ninayemtunza. Ni Myahudi, alizaliwa Ujerumani. Aliwahi kunieleza jinsi picha za namna hiyo zilivyobandikwa karibu na duka la baba yake, yeye akiwa mtoto. Kwanza majirani walicheka. Kisha wakaacha kusalimia. Duka likavunjwa, baba yake akachukuliwa, asirudi. Niliificha simu mfukoni asije akaiona ile picha. Nilimaliza kumkausha nywele nikiwa na hasira.

Maana sisi tunajua. Kule milimani kwetu Kivu, kabla ya kuchomewa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe, tuliitwa nyoka redioni. Kisha vijana wakawekwa barabarani kutazama pua za abiria, wapate kututambua watu wa kabila letu. Baba yangu alishushwa kwenye lori kwa sababu ya pua yake, na hatukupewa hata mwili wa kuzika. Leo mdogo wake, ambaye baba ndiye aliyemlea, anakaa Louisville anasambaza pua za wenzake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu.

Nilipotoka kazini nilimpigia mama, Columbus.

"Mama, ile picha uliiangalia?"

"Hapana, mwanangu. Niliona verset ya Biblia tu."

"Fungua. Angalia pua."

Aliifungua. Kisha akakata simu.

Jioni tuliingia kwenye maombi ya simu kama kawaida. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kuomba mama alipomkatiza, yeye ambaye hajawahi kumkatiza mwanamume akiomba.

"Shemeji, ngoja kwanza. Toa ile picha. Kaka yako walimushusha ku camion juu ya pua."

"Bon, shemeji, mimi sikuitengeneza. Walinitumia tu."

"Na ile ya kutuita nyoka ku radio, donc, nani aliitengeneza? Watu walipokezana tu. Toa, na useme mbele ya watu yote kama ulikosea."

Baba mdogo akasema tumalize kwanza kuomba. Mama akatoka kwenye simu.

Kesho yake picha ilifutwa bila neno. Kwamba alikosea, baba mdogo hajasema mpaka leo. Mama anaomba peke yake jikoni, na wale walioandika Amina wananiuliza mimi kwa nini mama yangu amekuwa na kiburi.