Madhumuni ya Safari

Jioni moja naikumbuka, mwanangu, kila nikiona karatasi yenye vinukta vya kujazia majibu. Ni jioni niliyogonga mtumbwi kwa gari, nchi kavu. Cheka kwanza, umalize, ndipo tuendelee.

Wakati huo nilikuwa kijana, ninaishi Rusimbi peke yangu katika nyumba aliyoniachia mama yangu. Nilikuwa mtu wa ndani kuliko godoro. Jirani akinisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," nilimjibu vizuri, maana mama alinilea. Lakini akiongeza tu, "Unatoka wapi?" nilisema, "Huko." "Na sasa unakwenda wapi?" "Hapo." Niliona watu wetu wana udaku wa kuzaliwa. Baada ya muda wakaacha kuniuliza, nami nikajipongeza kama mtu aliyefukuza kunguru.

Nilikuwa na gari dogo, kuukuu, ambalo nililikatia bima kubwa. Wenzangu walikata ile ndogo ya kumridhisha trafiki, wakanicheka. Mwoga hukata bima hata ya kivuli chake.

Sasa hapa ndipo penye aibu. Jioni jioni, nyumba ikishaanza kunyamaza ule unyamavu wake, nilipanda gari nikateremka hadi Kibirizi, pale ufukweni wanapoanika dagaa. Nilisimama kando, nikashusha kioo, nikauliza bei ya dagaa, nikausifu ukavu wao, kisha nikarudi nyumbani mikono mitupu. Sikumwambia mtu. Nani angeniuliza?

Jioni hiyo wanawake walikuwa wanaanua dagaa kabla ya umande. Mbuzi akakatiza mbele yangu. Nikamkwepa mbuzi, nikawakwepa dagaa, sikuukwepa mtumbwi mbovu uliofunikwa kifudifudi, ambao wale mama huukalia wakipumzika. Bahati yao na yangu, hakuna aliyekuwa ameukalia. Mtumbwi ulipata ufa. Gari langu lilipoteza uso mzima.

Kesho yake nilikwenda mjini Kigoma kwenye ofisi ya bima, nikapewa fomu. Mwanangu, fomu ile ilikuwa na udaku kuliko mtaa mzima wa Rusimbi. Umeoa? Unaishi na nani? Una maradhi gani, unameza dawa gani? Ulikunywa nini siku hiyo? Abiria walikuwa nani, na mna uhusiano gani? Ulitoka wapi, ulikwenda wapi, madhumuni ya safari yalikuwa nini? Nikakasirika. Gari ndilo limeumia, mbona napimwa mimi? Nikajaza "hayahusu" kila mahali, na kwenye madhumuni nikaandika "binafsi."

Wakanirudishia. Binti wa dirishani, mpole, alinionyesha kwa kalamu.

"Kaka, hapa umeandika uligonga mtumbwi. Gari lilikuwa ziwani?"

"Mtumbwi ndio uliokuwa nchi kavu."

"Sawa. Na hapa, binafsi ndiyo nini? Wakubwa wanasema Kibirizi maboti yanashusha watu, na magari ya nyumbani yanakwenda kuwabeba kwa nauli. Kama ulikuwa unabeba abiria, bima hailipi."

"Sikubeba mtu."

"Basi ulifuata nini? Andika, na umlete mtu aliyekuona."

Nilisimama pale nikaona afadhali gari lioze kuliko kuandika jibu. Lakini gari lile ndilo lililokuwa mguu wangu wa kuteremka ufukweni. Likioza, jioni zangu zote ningezimaliza nikitazamana na kiti cha mama.

Nikaenda Kibirizi kwa miguu, kwa Bi Tatu, mkubwa wa waanika dagaa pale, aliyekuwapo siku ya ajali.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Leo una miguu? Tulidhani ulizaliwa na magurudumu."

Nikamweleza shida yangu. Akaendelea kuchambua dagaa wake, anatoa changarawe.

"Nitasema hukubeba mtu," akaniambia. "Hata ungetaka, nani akae njia nzima na wewe usiyesema? Ila wakiniuliza ulifuata nini hapa, niwaambie nini?"

"Waambie nilikuja kununua dagaa."

Wenzake wakacheka, mmoja akajifuta machozi kwa kanga.

"Wewe? Unauliza bei, unasifu, unaondoka. Sisi tumekupa jina, tunakuita Bwana Mkaguzi." Kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, unakuja kwa sababu nyumba ya mama yako imekuwa kubwa. Hapa hakuna asiyelijua hilo. Tulikuwa tunasubiri ushuke tu kwenye hilo gari."

"Mbona hamkuniambia nishuke?"

"Tungekuulizaje? Kila ukiulizwa unatoka wapi, unajibu huko. Mficha uchi hazai. Umekataa kuulizwa na watu wenye macho, sasa unaulizwa na karatasi. Nayo haitakupa hata pole."

Alinisogezea ndoo iliyopinduliwa, nikakaa. Baadaye akaandika maneno yake kwa herufi kubwa, taratibu, akitoa ulimi pembeni kama mtoto wa shule. Mimi nikaandika yangu: *Nilikwenda kusikiliza watu wakizungumza.*

Yule binti wa bima aliusoma mstari huo. Akausoma tena. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza swali ambalo halikuwamo kwenye fomu:

"Nyumbani hakuna mtu, kaka?"

"Hakuna," nikasema. Sikuongeza "hayahusu."

Gari lilitengenezwa, likapata uso usiofanana na mwili. Nikaendelea kuteremka Kibirizi, ila sasa nilishuka, nikakaa kwenye mtumbwi wenye ufa, nikatukanwa kidogo, nikanunua dagaa kweli. Ilikuwa miaka mizuri. Siku hizi Bi Tatu yuko udongoni, mtumbwi uliishia kuwa kuni, na magoti yangu hayaupendi mteremko ule. Nimerudia ugodoro wangu. Nikiletewa fomu leo, sehemu ya shahidi nitaitazama muda mrefu.

Ndiyo maana nakuandikia, wewe ambaye mama yako akikutumia ujumbe "uko wapi" unamjibu "nipo." Upo wapi? Hata kobe yupo. Nasaha yangu haina urefu. Karatasi ikikuuliza, ijibu kweli, hata kama kweli yenyewe inakuvua nguo, maana uongo mdogo wa kuficha aibu hufanana sana na uongo wa mwizi. Lakini kabla ya karatasi, jibu watu. Anayekuuliza unakotoka si lazima awe mdaku, huenda anakusogezea ndoo ukae. Ukimjibu "huko" mara nyingi, ataacha, na kimya utakachokipata utakipata chote, hakuna wa kugawana naye.

Mungu akupe safari zenye kurudi. Akuwekee mlangoni mtu wa kukuuliza ulikuwa wapi, na akupe ulimi mwepesi wa kumjibu. Na siku ukipita Rusimbi, ukaona mzee yuko barazani anajifanya hakuoni, muulize anakwenda wapi. Haendi popote. Muulize tu.