Mtu wa Presha Haambiwi

Kwetu Pasiansi, mtu wa presha alikuwa haambiwi habari mbaya. Hiyo ilikuwa sheria, na baba mdogo ndiye aliyeisimamia. Baba alipopunguzwa kazini, kiwanda chenyewe kikitafutiwa mnunuzi, baba mdogo alitukusanya nyuma ya banda la kuku.

"Mama yenu akilisikia hili, ndiyo mwisho wake. Presha haina mchezo."

Yeye ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na mlango, siku hiyo alitufundisha sisi kunyamaza.

Basi tukanyamaza. Baba aliendelea kuondoka asubuhi na shati lake la kazi, akashinda mwaloni kando ya ziwa akipakua samaki kwenye mitumbwi ya watu, akaoga ziwani kuondoa harufu, akarudi. Alikonda, macho yakamwingia ndani. Ndugu walikuja wakanong'ona naye sebuleni. Mama akiingia, mazungumzo yanakatika, mtu anaulizia mvua.

Mimi nilikuwa binti mkubwa, namalizia sekondari, na niliogopa kila kitu. Niliogopa redio isije ikataja viwanda. Niliogopa jirani akija kuazima kinu. Nikiwa jikoni nilisikiliza ndala za mama uani. Zikinyamaza natupa kisu, natoka mbio, namkuta amesimama tu anautazama ukuta.

"Una nini wewe?"

"Natafuta kiberiti, mama."

Lakini presha haikushuka. Dawa alimeza mbele ya macho yangu, na chumvi tulipunguza mpaka mboga ikawa haina maana. Kila nilipompeleka hospitali daktari alisoma kipimo akakunja uso. Siku moja akamwomba mama asubiri nje.

"Binti, mama yako ana mawazo gani?"

"Hana, daktari. Hatumwambii jambo lolote baya."

Aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba juu ya figo kuna tezi ndogo, na mtu akipatwa na hofu zinamwaga homoni iitwayo kotisoli. Inauandaa mwili kupambana, na presha nayo inapanda. Hofu ikiisha, mambo hutulia.

"Kwa mwenye presha mara nyingi inapanda zaidi. Na hofu isipoisha, mwili haupumziki. Kwani mnadhani hawaoni? Anayehisi jambo asilolijua anaogopa kuliko aliyeambiwa."

Nilitoka. Nikisema namuua, nikinyamaza namuua. Laiti baba mdogo angekuwa pale, ningemwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mkubwa. Mama alikuwa kwenye benchi, kanga ameibana kifuani. Nilimwongoza hadi nje ya geti, penye kivuli cha ukuta, nikamshika mikono yote miwili ili akianguka nimdake.

"Mama, baba hana kazi. Alipunguzwa tangu kabla ya Pasaka."

Hakuanguka. Alinikazia macho.

"Kazi tu?"

"Kazi tu, mama."

"Haumwi?"

"Haumwi. Anabeba samaki mwaloni."

Hapo akaketi ghafla vumbini palepale, nami nikapiga kelele nikidhani presha imemchukua. Kumbe alikuwa analia. Miaka ile mtu akikonda na ndugu zake wakaanza kunong'ona, ilikuwa na maana moja tu. Mama alikuwa ameisoma maana hiyo kwenye nyuso zetu: mumewe ana ukimwi, kwa hiyo na yeye anao, na watoto wake tunajua.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tuliupiga mshindo huo kila siku, ndani ya nyumba yake, tukiamini tunamlinda.

Nilichuchumaa nikampangusa uso kwa pindo la kanga.

"Wewe nilishakuombea pa kukaa kwa mama yako mkubwa kule Bunda," aliniambia. "Wadogo zako ndio nilikuwa bado sijapata wa kuwachukua."