Aje, Siyo Ajae

Hadithi hii inanionyesha bwege, nasema mapema kabla hujanisemea wewe. Mimi ndiye niliyemnenepesha marehemu.

Kazi yangu kuediti video za harusi hapa Bagamoyo. Shule niliishia la saba, hayo mengine nimejifunza kwa kubonyeza kila kitu mpaka kikubali au kizime. Na wateja wangu wote, toka Mlingotini mpaka Kerege, wana amri moja: picha ijae kioo. Mpelekee mtu harusi yake ina utepe mweusi pembeni uone. "Mbona umetukata? TV yote hii, huko pembeni nimenunua giza?" Kwa hiyo mkono wangu umeshazoea. Ikija picha ya zamani, ile ya kanda, iliyokaa kimraba-mraba, naishika ncha naivuta mpaka ijae. Watu wanatoka wafupi, mashavu tele, lakini hakuna aliyewahi kulalamika. Wengine walifurahi.

Sasa kuna mama mmoja wa Mji Mkongwe, hapahapa Bagamoyo, alikuwa anaoza binti yake. Baba wa binti alifariki binti yuko tumboni. Picha za ukutani anazo, ila hajawahi kumwona babake akitembea. Na picha ya babake akitembea ipo moja tu: kanda ya harusi ya mama mwenyewe, pale bwana harusi anapoingia chumbani, anamwendea bibi harusi, anamwekea mkono kwenye paji la uso, anasoma dua. Nikaipeleka Dar kwa fundi mwenye deki iliyo hai, akaihamishia kwenye fleshi yangu. Ilipomaliza tu, deki ikaitafuna kanda. Yaani dunia nzima marehemu akabaki kwenye kifleshi kinachokaa mfuko mmoja na pipi zangu.

Kesho yake mama akanitumia voisi, nyuma masufuria yanagongana kama vita. Nikasikia: "Mwanangu, babake namtaka ajae kwenye harusi ya mwanawe."

Nikasema, aah, mama huyu anaijua kazi. Nikamjaza.

Harusi ilifungwa Ijumaa. Mpango ulikuwa Jumapili baada ya Alasiri watu wa nyumbani wakae sebuleni waangalie, halafu binti aondoke na mumewe kwenda Pangani, ndiyo makazi yake huko. Mimi nikatangulia saa sita, mama aone kwanza. Nikamkuta na shemeji yake, mdogo wa marehemu, amu wa bibi harusi. Mfanyabiashara, mwili anao. Akikaa kwenye kochi la watu watatu, wawili mtafute mkeka.

"Shikamoo mama. Shikamoo amu."

"Marahaba. Haya, tuone."

Ikaanza harusi ya binti, picha kali, uzi wa kanzu unauhesabu. Halafu nikakata, akaingia bwana harusi wa zamani. Mpana. Ana ukungu kama unamtazama ndani ya chandarua.

Amu akaruka. "Alaa! Si mimi huyu! Kumbe nilikuwepo?"

"Wewe ulikuwa Maskati," mama akasema, polepole. Kisha akanigeukia. "Kijana, huyu nani?"

"Marehemu, mama."

"Marehemu alikuwa mwembamba kama ufito. Huyu shemeji yangu. Umeniozesha shemeji?"

Amu akacheka mpaka kochi likalia. Mama hakucheka.

"Si ulisema ajae, mama?"

"Nilisema aje! A-je! Aje harusini kwa mwanawe. Ajae, kwani pipa?"

Mama macho yameshalowa. "Mwanangu anaondoka leo," akasema. "Atakayemwona leo ndiye atakayeondoka naye. Aende Pangani akijua babake alikuwa kama amu yake?"

"Ubaya uko wapi?" amu akauliza.

"Nyamaza wewe."

Nikamwambia mama asijali, dakika moja tu. Nikafungua laptop, jasho likanitoka. Laptop yangu nayo imejaa kuliko amu, kila siku nafuta hiki nipate nafasi ya kile. Ile picha nyembamba niliifuta siku ileile niliyomaliza kuivuta. Iliyobaki ni ya bonge, na hiyo hata ukiibana irudi, ukungu haumtoki.

Fleshi! Fleshi iko wapi?

Nikasikia jibu linatoka uani, taarabu inalia. Nilipofika tu, kina mama waliniomba nyimbo za spika, nikawajazia kwenye fleshi hiyohiyo. Na nikiwa nawawekea, nilifuta kwanza vya zamani, au sikufuta? Wallahi sikumbuki.

Nikatoka mbio. Uani kina mama wamejifunga kanga kiunoni, wako katikati ya kiitikio. Nikachomoa fleshi. Kimya.

"Wewe kijiti! Rudisha!"

"Wivu huo, kaoe na wewe!"

"Mama zangu, samahani, kuna mtu humu," nikasema nimeinua fleshi.

"Mtu gani anaenea humo? Labda wewe ulivyokonda!"

Nikaichomeka palepale, laptop juu ya gunia la mchele, kina mama wamenizunguka na miiko. Nyimbo. Nyimbo. Nyimbo. Chini kabisa kuna faili halina jina, lina namba tu. Nikalibonyeza.

Akaingia. Mwembamba, kanzu inampwaya, shingo ndefu. Nyuma yangu bibi mmoja akasema, "Ee Mola, ndiye." Nikakaa kwenye kapu la vitunguu, na sikuona aibu.

Safari hii sikumvuta. Nilimwacha na upana wake, hata picha nikaipunguza ukubwa kidogo, na ule ukungu ukapungua. Picha ndogo ya zamani kumbe kama shati la mtoto: ukimvika mtu mzima, linaachia nyuzi. Nikamweka katikati, utepe mweusi kushoto, mweusi kulia. Nilikuwa sijawahi kumpelekea mteja kitu kama hicho.

Baada ya Alasiri wakakaa. Binti kwenye mkeka, amemwegemea mamake. Picha kali ikapita, kisha babake akaingia.

"Mbona pembeni giza?" amu akauliza. Nikafumba macho.

"Si mlango huo," mama akasema. "Anapita mlangoni. Tazama."

Binti alisogea mpaka karibu aguse kioo. "Mama," akasema, "anautupa mguu wa kushoto kama mimi."

Sebule nzima ikacheka na kulia kwa pamoja, amu ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote. Binti akaniomba nirudishe. Nikarudisha. Akaniomba tena. Mara ya nne mumewe akakohoa mlangoni kukumbusha safari, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Walipoondoka nikawa nakunja waya zangu nijiondokee kimyakimya. Mama akanikuta na sinia la pilau.

"Umeona? Amekuja," akasema. "Wala hakuhitaji kujaa." Kisha akanitazama toka utosini mpaka kwenye kandambili. "Kaa ule. Wa kujaa humu ndani ni wewe."