Hapana ya Noeline Pirika
Noeline Pirika wa Palmerston North alikuwa na ugomvi na lugha ya kompyuta. Usicheke. Katika lugha hiyo, ukisahau kuandika namba mahali, mashine haikuulizi kitu. Inajitilia sifuri na kuendelea na kazi. Sifuri kama hiyo, mahali pa kipimo cha dawa, ndiyo iliyomnyima dawa mdogo wake Hemi hospitalini mpaka akafa, huku mashine ikionyesha mambo yote shwari.

Tangu msiba ule, kila mwaka Noeline aliwaomba walezi wenzake wa lugha hiyo, yaani wanaoitunza na kuamua ibadilike vipi, waiondoe sifuri. Utaratibu wao ni mmoja: kila mlezi anajaribu badiliko kwenye programu zake za zamani, na pingamizi moja likitokea, basi tena. Kila mwaka lilitokea. Mara benki, mara bandari. Wote waliichukia sifuri ile, na wote walikuwa wamejenga juu yake. Watu wazima na akili zao, jamani.

Safari hii hakuna aliyepinga. Akabaki yeye tu. Mwenyekiti, Bert Lomax, akampigia simu kutoka Hobart akiwa na furaha tele. "Haya, dada mkorofi, umetushinda. Jaribu kwako tufunge kazi."

Noeline akalijaribu badiliko kwenye programu aliyoitunza kazini, ile inayotuma magari ya wagonjwa mashambani. Ikagoma. Nyumba nyingi za huko hazina namba. Miaka yote sifuri ndiyo iliyoziba pengo, na gari likafika. Akaanza kurekebisha. Akiziba hapa, panafumuka pale, na mapengo mengine yamo ndani ya vifaa vya magari yenyewe, kazi ya watu waliokwisha kufa bila kumwachia mtu maelezo. Alihangaika hapo siku kadhaa, moyo ukimuuma. Angenyamaza, nani angejua? Lakini magari yangekwama, na huko mashambani wamo kina Hemi wengine.

Akampigia Bert. "Hapana," akasema.

"Hapana ya nani tena?"

"Yangu, kaka. Andika jina langu."

Bert akauliza kama wajaribu tena mwakani. Noeline alijua magari yale yatakuwepo mwakani, na mwaka utakaofuata. Akamwambia asimpigie tena kwa jambo hilo. Picha ya Hemi ilikuwa mezani, kando ya kompyuta. Akaigeuza, ikatazama ukuta.