Mbaazi kwa Kila Mtu wa Kijiji Kile

Maneno sita. Ndiyo yaliyobaki katika kurasa nne nilizowapelekea watu wa maonyesho ya maktaba yetu hapa ughaibuni, Hounslow: "Kijiji cha Wakurdi. Zamani waliishi Waashuri." Niliyasoma nimesimama kituo cha basi, nikatamani kuipasua simu.

Kurasa zile zilikuwa za bibi mmoja Mwashuri, Mkristo wa milima ya kaskazini mwa Iraki, ambaye mama yangu humhudumia nyumbani kwake kila asubuhi: kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia uji. Macho yake yamekwisha. Ana ombi moja tu, watu wa kijiji chake waandikwe mahali kabla hajafa. Askari walipokichoma na kuwafukuza, daftari la kanisa liliungua.

"Sasa idadi yao unaijuaje?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Kwa mikate. Sikukuu ya mtakatifu wetu, kila nyumba ilileta kanisani mkate mmoja kwa kila aliye hai. Hata mtoto wa siku tatu alikuwa na mkate wake. Kikapu nilibeba mimi."

Mama akamletea kopo la mbaazi. Wiki nzima bibi alizipanga mezani kwa kupapasa, nyumba baada ya nyumba kuanzia chemchemini, nami nikaandika kila mbaazi na jina lake.

Mratibu wa maonyesho alinijibu kwa upole unaokera kuliko matusi: zile zilikuwa kumbukumbu za mtu mmoja, hazina ushahidi.

Ushahidi! Hivyo hivyo waliulizwa watu wetu juu ya nyumba walizoacha Unguja: hati iko wapi? Wanakuja wa kuchoma daftari, halafu wanakuja wengine, sauti laini, kuliulizia.

Barabara kuu kuna kinyozi Mkurdi aliyezaliwa kijiji hicho hicho. Jina la kijiji amelibandika juu ya kioo. Tangu nijue, nilikuwa navuka barabara nisipite mlangoni pake. Siku ile niliingia.

"Kuna bibi anataka kukuona. Nyumba mnazokaa kule kijijini ni zao."

Akazima mashine, mteja kanyolewa nusu. "Anakaa wapi?"

Alipofika kwa bibi, mama alinivuta ukumbini. "We mwana, unamletea mgonjwa wangu fitina?"

Bibi hakumsalimu. "Kutoka chemchemini, nyumba ya tatu, kushoto."

"Yenye mlango mfupi," kinyozi akasema. "Kuna msalaba juu ya mlango. Bibi yangu aliupaka chokaa, lakini kila mvua huuosha."

Mkono wa bibi ukatulia juu ya mbaazi saba. "Ni nyumba ya mama yangu. Nani analala humo?"

"Mimi nilizaliwa humo, bibi."

Nilisubiri amlaani. Mimi ningemlaani.

"Paa bado linavuja pembe ya jikoni?"

"Linavuja."

"Mbwa wewe! Miaka yote hiyo hamjaliziba?"

Kinyozi alicheka mpaka akafunika uso kwa mikono, na kicheko kikageuka kilio. Kisha akaomba kalamu. Kila nyumba aliyoijua akaandika alichokiona kwa macho yake: hapa tanuri la mkate, hapa msalaba, hapa kaburi tulilojengea zizi. Akatia sahihi. Nikaituma karatasi ile siku hiyo hiyo. Jibu likaja: mabango yamekwisha kuchapishwa.

Siku ya ufunguzi tulikwenda watatu, mama akiwa zamu kwingine. Kinyozi alisukuma kiti cha magurudumu, bibi amepakata kopo. Tukamfikisha kwenye meza iliyo chini ya yale maneno sita. Akasukuma vipeperushi vyao kando, akamimina mbaazi, akaanza chemchemini, akitaja jina kwa kila moja. Watu wakasogea.

Mratibu alikuja mbio. "Samahani, meza hii si ya—"

"Nyamaza," nikamwambia. "Anahesabu watu."